Laini ina netiweki, kompyuta haina intaneti: kutafuta hitilafu ukiwa safarini

Kompyuta mpakato inayopata intaneti kwa laini ya simu hutegemea viungo vinne: kompyuta na kifaa kinacholeta mtandao, kifaa hicho na mnara, mnara na mitambo ya mtoa huduma inayokagua laini na bando, kisha njia ya kutokea kwenda kwenye intaneti yenyewe. Kikikatika chochote kati ya hivyo, dalili kwenye skrini ni ile ile: ukurasa haufunguki. Ndiyo maana watu huanza kufuta programu, kubadili APN (jina la lango la data la mtoa huduma) na kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kumbe laini haijakamilisha usajili au bando limeisha. Usiguse mpangilio wowote kabla hujajua ni kiungo kipi kimekatika. Kujua hakuchukui zaidi ya dakika tano.

Pima kwanza

Anza na kifaa chenye laini. Kama ni simu, zima Wi-Fi ya simu, hakikisha data imewashwa, kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua karibuni, kwa sababu tovuti uliyoizoea huweza kujitokeza kutoka kwenye kumbukumbu ya kivinjari hata bila mtandao. Ikifunguka, mnara, laini na bando viko sawa. Shida iko kati ya simu na kompyuta, au mtoa huduma anazuia kusambaza data kutoka kwenye simu kwenda vifaa vingine, na sehemu za mnara na laini hapa chini unaweza kuziruka. Kama unatumia modemu au ruta ya mfukoni, toa laini uiweke kwenye simu yoyote isiyofungwa kwa mtandao mmoja ujaribu huko. Jaribio hilo moja hutenganisha laini mbovu na modemu mbovu, na ndilo lenye faida kuliko yote yaliyomo humu.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Fungua dirisha la amri: kwenye Windows andika `ipconfig`, kwenye Mac `ifconfig`, kwenye Linux `ip addr`. Tazama anwani ya IPv4. iPhone hugawa anwani zinazoanza na 172.20.10, Android kwa kawaida hugawa za 192.168, na modemu nyingi za Huawei hugawa za 192.168.8. Ukikuta 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kukosa wa kuipa, na hapo hata usihangaike na APN: muunganiko wa kompyuta na simu ndio haujakamilika. Zima hotspoti, subiri sekunde 10, iwashe, uunge upya.

Anwani ikiwa sawa, piga ping tatu (ping ni amri ya kujaribu kama anwani fulani inajibu) kwa mpangilio huu:

1. Lango lako, yaani anwani ya simu au modemu. Kwa iPhone ni `ping 172.20.10.1`, kwa vifaa vingine imeandikwa kwenye matokeo ya `ipconfig`, au kwenye Linux ukiandika `ip route`.
2. `ping 1.1.1.1`
3. `ping wikipedia.org`

Ya kwanza ikishindwa, tatizo ni Wi-Fi au waya. Ya kwanza ikipita na ya pili ikashindwa, data haitoki kwenye simu au modemu kwenda nje: fikiria bando, APN, romingi (laini kutumia mtandao wa kampuni nyingine ikiwa ugenini) au zuio la kusambaza. Mbili za mwanzo zikipita na ya tatu ikasema jina halijulikani, ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Zote zikipita na kivinjari bado kimenuna, angalia saa ya kompyuta, VPN (programu inayopitisha data yako kwenye njia ya siri), au ukubwa wa pakiti, yaani vipande vya data. Jihadhari na jambo moja: baadhi ya watoa huduma huzuia ping. Ikiwa kurasa zinafunguka huku ping ya pili ikishindwa, amini kurasa.

Hotspoti haionekani, au inaonekana na haiungi

Chanzo cha kawaida ni masafa. Simu mpya hurusha hotspoti kwa GHz 5, na kompyuta ya zamani huona GHz 2.4 tu. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ubadili masafa kuwa GHz 2.4, kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa kitufe cha Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa hotspoti. Hata kompyuta inayojua GHz 5 inaweza isione mtandao nje ya nchi ilikonunuliwa, kwa sababu kila nchi ina chaneli zake zinazoruhusiwa na kadi ya Wi-Fi hufuata kanuni iliyowekewa. Chaneli 12 na 13 za GHz 2.4 ni mfano: sehemu nyingi zinatumika, lakini kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizisikilizi.

Ikionekana lakini inakataa nenosiri ulilo na uhakika nalo, angalia usalama uliowekwa. Kadi ya zamani haijui WPA3, weka WPA2. Kompyuta pia inaweza kuwa inatumia nenosiri la zamani ililolihifadhi, kwa hiyo iambie iusahau mtandao huo kisha uuunge upya. Jina la simu lenye alama ya mkato au emoji nalo husumbua mashine za zamani. Libadilishe liwe herufi na tarakimu tupu. Kwa iPhone, acha ukurasa wa hotspoti ukiwa wazi mpaka kompyuta iungane, kwa sababu simu huacha kujitangaza ukiuacha bila mtu kuunga.

Wi-Fi ikiendelea kukataa, tumia waya wa USB. Kwa kweli waya unastahili kuwa chaguo la kwanza: hauguswi na msongamano wa Wi-Fi wa hotelini au kituoni, na simu huchajiwa hapo hapo. Ila waya nyingi za bei nafuu ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data ndani. Dalili yake ni simu kuchaji bila kompyuta kuonyesha kitu chochote kipya, au kitufe cha kusambaza kwa USB kubaki kimefifia. Windows huhitaji kiendeshi cha Apple ili kuitambua iPhone; hicho huja na iTunes au programu ya Apple Devices, na inabidi ukipakue kabla hujaondoka mahali penye mtandao. Kwenye simu kubali pia ombi la kuiamini kompyuta. Mac na Android ndio wasioelewana: simu nyingi za Android husambaza kwa itifaki ya RNDIS ambayo macOS haiielewi. Hapo rudi kwenye Wi-Fi, au tumia Bluetooth kwa kazi nyepesi kama barua pepe.

Modemu ya USB haitambuliki

Ukiichomeka na kompyuta ikaonyesha diski ya CD, modemu haijaharibika. Modemu nyingi huamka zikijifanya diski yenye programu za kusakinisha, kisha hugeuka kuwa modemu programu hizo zikishaingia. Kwenye Linux kazi ya kuigeuza hufanywa na `usb_modeswitch`. Isakinishe, chomoa, chomeka tena, kisha andika `lsusb`. Huawei hujitambulisha kwa namba 12d1 na ZTE kwa 19d2, na tarakimu za nyuma ya namba hiyo hubadilika modemu ikishageuka. Kwenye Mac, programu za modemu za zamani zilikuwa za biti 32, na macOS Catalina ya 2019 iliacha kuziendesha. Hazitengenezeki. Tafuta modemu inayojionyesha kama kadi ya mtandao, ile ambayo mipangilio yake hufunguliwa kwenye kivinjari kwa anwani kama 192.168.8.1, kwa sababu haihitaji programu yoyote.

Modemu inayowaka, ikatafuta mtandao, kisha ikajizima kila inapopata mnara, kwa kawaida inakosa umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa mA 500 na la USB 3.0 mA 900. Modemu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha na kuvuta umeme mwingi kwa ghafla. Iondoe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake, acha waya mrefu wa kuongezea, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kifaa cha USB 3.0 kinachofanya kazi, hasa diski ya nje, hutoa kelele ya redio kwenye GHz 2.4. Ukiwa na diski hiyo karibu na kompyuta huku unatumia hotspoti ya GHz 2.4, kasi inaweza kuporomoka bila sababu ya kuonekana. Chomoa diski ujaribu tena kabla ya kulaumu mnara.

Windows pia huizima modemu ili kutunza betri. Ikipotea kila kompyuta inapolala, fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za modemu na za tundu la USB, sehemu ya umeme, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa.

Modemu iliyomo ndani ya kompyuta

Kabla ya yote, thibitisha kwamba ipo. Kompyuta nyingi zina tundu la laini lakini hazina modemu, kwa sababu aina moja ya gamba hutumika kwa matoleo yote. Kwenye Windows andika `netsh mbn show interfaces`: ikiwepo utaona jina la mtengenezaji, namba ya IMEI (utambulisho wa kifaa), hali ya usajili na nguvu ya mawimbi. Kwenye Linux andika `mmcli -L`, kisha `mmcli -m any`.

Watumiaji wa Linux hukutana na kizuizi kimoja kisichojieleza: modemu inaonekana, laini inasomeka, lakini hali ya umeme imeandikwa `low` na haipandi. Hilo ni kufuli la FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) ambalo watengenezaji huliweka kwenye modemu za baadhi ya kompyuta. Tangu toleo la 1.18.4, ModemManager, programu inayosimamia modemu kwenye Linux, hailifungui yenyewe. Inabidi uunganishe hati (script) inayofaa kutoka `/usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d` kwenda `/etc/ModemManager/fcc-unlock.d`, kisha uwashe huduma upya.

Kama wewe au fundi mmewahi kuifungua kompyuta, kagua nyaya mbili nyembamba za antena. Ule mkuu ukiachia, mawimbi hudhoofika sana au hupotea kabisa. Ule wa pili ukiachia, modemu huunga lakini kasi ya kupakua huwa nusu au chini yake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Hakuna huduma, au laini inakataliwa

Laini ikiomba PIN na huijui, usibahatishe. Ukikosea mara 3 itaomba PUK, namba ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa, hakuna wa kuifufua. Kifaa kikisema laini si sahihi ilhali inafanya kazi kwenye simu nyingine, kifaa kimefungwa kwa mtoa huduma aliyekiuza. Mwenye uwezo wa kukufungulia ni huyo aliyekiuza, na shughuli hiyo huchukua muda, kwa hiyo imalize kabla ya safari.

Laini mpya huhitaji usajili kwa pasipoti katika nchi nyingi, na kati ya kusajiliwa na kuwa hai saa kadhaa huweza kupita. Kuizima na kuiwasha simu kila dakika hakusaidii. Iwashe upya mara moja baada ya kupata ujumbe wa uthibitisho. Zipo nchi zinazokagua pia IMEI ya kifaa. Uturuki huiacha simu ya mgeni itumie laini ya huko kwa siku 120, kisha huifungia isiposajiliwa. Dalili ni ya kushangaza usipoijua: simu iliyokuwa nzima jana leo haina huduma kwa laini ya wenyeji, lakini ukiweka laini ya nyumbani inafanya kazi.

Halafu kuna masafa ya mnara. Modemu isiyo na masafa yanayotumika uliko itaona netiweki dhaifu au isiione kabisa, hata ukikaa chini ya mnara. Sehemu kubwa ya Ulaya, Afrika na Asia hutegemea masafa yenye namba 3, 7, 8, 20 na 28 ya 4G kwa michanganyiko tofauti. Amerika ya Kaskazini hutegemea zaidi 2, 4, 5, 12, 13, 66 na 71. Ulinganisho ni rahisi: soma modeli kamili nyuma ya modemu, herufi za mwisho zikiwemo, kwa kuwa modeli ile ile huuzwa kwa matoleo ya mabara tofauti, kisha ilinganishe na masafa ya mtoa huduma wa unakokwenda.

Modemu ya 3G pekee sasa ni mzigo katika nchi nyingi. Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021, na kampuni kubwa za Marekani zilizima zao mwaka 2022. Huko kifaa cha 3G hakitapata data ya maana hata kikiwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Kwa eSIM, laini ya kupakua isiyo na kadi, mambo mawili. Kuipakua kunahitaji intaneti, hivyo ipakue ungali kwenye Wi-Fi. Na usiifute ukidhani utaiskani tena: alama ya QR mara nyingi hutumika mara moja tu. Ikikataa kuunga, izime na kuiwasha kwenye mipangilio bila kuifuta.

Vijiti vya netiweki vimejaa, data haitembei

Hapa ndipo penye malalamiko mengi zaidi. Vijiti vya netiweki husema kifaa kinausikia mnara vizuri. Havisemi kama umeruhusiwa kupita.

Angalia romingi kabla ya jingine. Laini ya nyumbani ikiwa ugenini, romingi ya data lazima iwashwe kwenye simu, na mara nyingi pia kwa upande wa mtoa huduma. Kwenye ruta ya mfukoni, kitufe chake kimejificha kwenye ukurasa wa mipangilio na huja kimezimwa. Kwenye Windows, kiko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Laini nyingi za eSIM za wasafiri hutolewa na kampuni ya nchi nyingine, kwa hiyo hata hizo huhesabiwa ziko kwenye romingi. Mtu huinunua kwa ajili ya nchi aliyopo, anaona alama ya R, anazima romingi akihofia gharama, na data inakatika. Kwa eSIM ya namna hiyo, washa romingi kwenye laini hiyo na uizime kwenye laini ya nyumbani.

Pili ni APN, jina la lango ambalo kifaa huliomba kwa mtoa huduma. Simu hujaza lenyewe mara nyingi. Modemu ya zamani, au iliyobadilishiwa laini, hubaki na lile la laini iliyotangulia. Sheria yake: APN hufuata laini, haifuati nchi wala mnara. Ukiwa kwenye romingi, APN inabaki ya mtoa huduma wa nyumbani. Iandike bila nafasi mwishoni, kwa sababu ukiinakili kutoka kwenye ujumbe nafasi hiyo hubebwa bila kuonekana. Jina la mtumiaji na nenosiri viache wazi usipopewa. Aina ya IP weka IPv4/IPv6, na ikishindwa jaribu IPv4 peke yake, hasa kwenye romingi. Android ina mpangilio wa pekee wa itifaki ya romingi ambao watu huusahau. Ukishahifadhi, chagua APN hiyo, washa hali ya ndegeni kwa sekunde 30, izime.

Tatu, bando. Bando la nyumbani mara nyingi halihesabiki nje ya mipaka, na lililonunuliwa kwa nchi moja halivuki kwenda ya jirani. Ndani ya Umoja wa Ulaya bando la nchi mwanachama hutumika katika nchi nyingine wanachama bila nyongeza tangu tarehe 15 Juni 2017, kwa kikomo cha matumizi ya haki; lakini Uswisi haimo, na Uingereza imetoka. Treni inayopita Uswisi inaweza kukukatia data katikati ya safari, au ikakulipisha. Ukiwa karibu na mpaka, simu hunasa mnara wa upande wa pili ukiwa na nguvu zaidi. Chagua mtandao kwa mkono, usiiachie simu.

Mara nyingine mtoa huduma hukuelekeza kwenye ukurasa wake wa kuongeza bando, lakini tovuti za https hukataa kuelekezwa na badala ya ukurasa unaona onyo la usalama. Fungua anwani ya http tupu, kama `http://neverssl.com`, na ukurasa huo utajitokeza.

Simu inapata, kompyuta haipati

Baadhi ya vifurushi haviruhusu kusambaza. Mtoa huduma hutambua kwa njia kadhaa, mojawapo ni namba ya TTL kwenye pakiti: ya simu huondoka ikiwa 64, ya kompyuta hupungua moja inapopita kwenye simu na kufika ikiwa 63, au 127 ikiwa ni Windows. Mitandao mingine huelekeza data ya hotspoti kwenye APN ya aina ya `dun`, iliyotengwa kwa kusambaza. Kama kifurushi chako hakina hiyo, kompyuta huunga na kukaa kimya. Dawa ni kuuliza kama kifurushi kina hotspoti na kiasi gani, kwa kuwa vingine vina gigabaiti nyingi za simu na chache sana za kusambaza.

Saa ya kompyuta ndiyo inayofuata. Msafiri aliyesogeza saa kwa mkono badala ya kubadili ukanda wa saa huweza kuiacha kompyuta na wakati usio wa kweli, na vyeti vya usalama vikakataliwa. Kosa la dakika chache halina neno. La siku nzima linaweza kufunga baadhi ya tovuti, na la miezi mingi hufunga karibu kila tovuti.

DNS: kwenye Windows andika `ipconfig /flushdns`, kisha weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Kagua pia kama DNS ya ofisini iliachwa imeandikwa kwa mkono, kwa kuwa seva ya ndani ya ofisi haifikiki ukiwa nje.

VPN ina ugonjwa wake: inaunga, kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinaganda nusu. Pakiti zimekuwa kubwa kuliko njia. Zima VPN, kisha pima kwenye Windows kwa `ping -f -l 1372 1.1.1.1`, kwenye Linux ni `ping -M do -s 1372 1.1.1.1`. Ongeza baiti 28 za vichwa na utapata MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 1400. Ikikataa, shusha kwa 20 mpaka ikubali. Thamani hiyo ukishaipata, ipunguzie VPN baiti kama 80. Usipotaka hesabu, weka 1280 kwenye mipangilio ya VPN, karibu kila mtandao huipitisha. VPN za zamani zisizojua IPv6 hukwama pia kwenye mitandao inayotoa IPv6 pekee, na hapo APN ya IPv4 ndiyo ya kuomba.

Na kama shida ni kuifikia kompyuta yako kutoka nje, usitafute kosa. Anwani ya kati ya 100.64 na 100.127 ina maana unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengi wengine, na hakuna anayeweza kuifikia kompyuta yako kutoka nje bila VPN au huduma ya kupitishia.

Polepole

Soma mawimbi kwa namba, usihesabu vijiti. Kwenye Android namba iko ndani ya maelezo ya simu, hali ya SIM. Kwenye iPhone piga `*3001#12345#*`. Ruta ya mfukoni huionyesha kwenye ukurasa wake. RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G, ya dBm -80 hadi -90 ni nzuri, -100 inatosha kazi nyingi, -110 ni ya shida, na -120 uko ukingoni. Namba ikiwa mbaya, sogea. Mita moja kuelekea dirishani hubadili namba hiyo kwa 10 bila taabu, isipokuwa kwenye treni na majengo yenye vioo vilivyopakwa utando wa chuma, ambavyo huzuia mawimbi kama ukuta. Modemu yenye matundu ya antena, aina ya CRC9 au TS9, hunufaika na antena ya nje ikichomekwa yote mawili.

Namba ikiwa nzuri na kasi mbaya, kuna watu wengi kwenye mnara huo, au umevuka kikomo cha bando. Kuzitofautisha ni rahisi. Msongamano hupanda na kushuka, jioni mbaya na alfajiri nzuri. Kikomo hukaa palepale saa zote: kilobiti 128 kwa sekunde ni kilobaiti 16, yaani megabaiti moja kwa zaidi ya dakika. Kwa msongamano, badili mtoa huduma, au lazimisha 4G pekee iwapo simu inarukaruka kati ya 4G na 5G dhaifu.

Ucheleweshaji mkubwa wa ping kwenye romingi ni wa kawaida: data husafirishwa hadi nchi ya laini kabla ya kuingia kwenye intaneti. Kwa simu za video, laini ya nchi uliyopo itakufaa kuliko romingi yoyote.

Inakatika kila mara

Ikikatika baada ya muda ule ule, tafuta mpangilio wa kuokoa betri: hotspoti ya Android hujizima ikikaa bila kutumika. Ikikatika bila mpangilio ukiwa umetulia, gusa kifaa. Ruta ya mfukoni iliyo juani au chini ya mto hupunguza kasi kisha hujizima kwa joto. Iweke kivulini, na kama inakaa kwenye chaja kutwa, toa betri iwapo modeli inaruhusu kuendeshwa hivyo. Ikikatika ukiwa kwenye chombo kinachotembea, ni kubadilisha minara, na hakuna mpangilio unaoondoa hilo. Hifadhi kazi zako kwenye kompyuta, acha barua pepe zijitume zenyewe mtandao ukirudi.

Bando linaisha kabla hujafanya kazi

Kompyuta huiona hotspoti kama Wi-Fi ya nyumbani na kuanza kupakua masasisho na kupandisha picha. Windows: fungua sifa za mtandao huo, uuweke kuwa wa kupimwa. Alama hiyo hushikamana na jina la mtandao, kwa hiyo ukibadili jina la hotspoti inapotea. Mac: washa Low Data Mode kwenye mtandao huo. Simamisha pia OneDrive, iCloud na wenzao kwa mkono. Mkutano wa video unaotumia megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 15 kwa dakika, karibu megabaiti 900 kwa saa, na hiyo ni upande mmoja. Yako inayopanda huhesabiwa kivyake.

Ukifika kwa huduma kwa wateja

Piga ukiwa mbele ya kompyuta, kwa simu nyingine ikiwezekana. Andaa namba ya laini, IMEI ya kifaa (kwa simu piga `*#06#`), jina la mtandao unaoonekana, RSRP, APN uliyoiweka, saa ya jaribio la mwisho, na matokeo ya zile ping tatu. Waulize maswali matatu: laini imesajiliwa na iko hai? Data na romingi zimefunguliwa kwa upande wao? Kifurushi kinaruhusu hotspoti? Kisha waombe waifute na kuisajili upya laini kwenye mtandao wao huku kifaa kimezimwa. Kiwashe baada ya dakika 5, na upige ping ya pili kabla hawajakata simu.